Vidonge vya Kidawa

Kidawa binti Ahmadi alikuwa bingwa wa kuunguza sukari. Si kwamba hakujua kupika. Pale Mchinga hapakuwa na mwanamke aliyemfikia kwa vitu vitamu, na waliobisha walibisha huku wanatafuna. Ila akili yake haikukaa jikoni. Sufuria ikianza kutokota na mvuke ukimpanda usoni, mwenyewe aliondoka. Mwili ulibaki juu ya kigoda, mkono uliendelea kukoroga, macho yalikuwa wazi, lakini mwenye mwili hayupo. Ukimwita mara tatu ndipo anarudi, ananusa hewa, na kuuliza kwa upole kama imeungua. Nayo imeungua.

Mumewe Huseni, mshona kofia, alikuwa amekwisha kuzoea. Akiona moshi aliweka sindano chini, akaepua sufuria, akarudi kwenye mkeka wake. Mgeni akimwulizia mkewe, naye Kidawa amekaa hapo hapo mbele yao, Huseni alijibu, "Ametoka kidogo." Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa mtu wa kuulizwa neno na kulijibu neno hilo hilo, bila kulipunguza wala kulipamba, na tabia hiyo ndiyo iliyotaka kumpeleka kaburini.

Kuviringa vitu vitamu Kidawa alijifunza kwa Gulbanu, mke wa Hyderali mwenye duka. Gulbanu alikuwa akitengeneza ladu, madonge matamu ya unga na samli, za sikukuu, na vifundo vya vidole vyake vilipoanza kumuuma alimwita Kidawa amsaidie. Alimfundisha kupaka samli viganjani kwanza, kumega donge dogo, na kuliviringa kwa wepesi, kwa sababu ukilikamua linatoa mafuta na ukiliogopa linapasuka. Kidawa alishika somo hilo siku ya kwanza. Viganja vyake vilikuwa na akili ya peke yao, ambayo haikuwa na habari ya safari za kichwa.

Miaka miwili kabla ya vita, Mdachi mmoja mwenye shamba la pamba nyuma ya mji alimleta mkewe kutoka kwao, na Kidawa akachukuliwa jikoni. Watu wa bara walikuwa wakiswagwa kwenye pamba ile kwa kiboko, na kutoka dirisha la jiko ungeweza kusikia. Bibi Mdachi hakuwa mbaya, wala siwezi kusema alikuwa mwema. Alikuwa mgonjwa wa kukumbuka kwao. Alikaa barazani akitazama minazi kana kwamba imemkosea, na siku ugonjwa ulipomzidi aliingia jikoni mwenyewe, akakunja mikono ya gauni, akatengeneza vidonge.

Alikuwa na vipande vyeusi vya kitu alichokiita shokolade. Aliviyeyusha polepole kwenye bakuli lililokalia maji ya moto, akatia mafuta ya maziwa ya kopo, akakoroga mpaka vikawa uji mzito unaong'aa. Akaupoza, akaumega kwa kijiko, akauviringa, kisha akavigaragaza vile vidonge ndani ya unga mwekundu mweusi wa kakao. Joto la Mchinga halikumsubiri. Vidonge vililala chini vikawa chapati. Bibi Mdachi alikaa kwenye sakafu akalia, na Kidawa, ambaye hakujua neno moja la lugha yake, alilamba kidole chake kilichokuwa na uji ule.

Hapo ndipo alipotoka, na safari hiyo alikwenda mbali. Aliona njia ndefu yenye miti isiyo na hata jani moja, na kimya, na kitu cheupe kinashuka kutoka juu bila kelele, kinatua juu ya mabega yake wala hakimlowanishi. Hakuwa amewahi kuona picha ya kitu hicho wala kusimuliwa. Aliporudi Bibi Mdachi alikuwa bado analia, na Kidawa alimpa leso yake.

Haukupita muda bibi yule alirudishwa kwao kwa meli. Alimwachia Kidawa makopo matatu ya kakao, ama kwa kumpenda ama kwa kutojua ayatupe wapi. Kidawa aliyabeba nyumbani kifuani, na kwa muda wa miezi mitatu aliharibu vitu. Alipotumia maji alipata tope. Alipotumia samli peke yake alipata mafuta yenye mchanga. Huseni alionja vyote akasema ukweli wake juu ya vyote, kwa hiyo wiki nyingine hawakusemezana.

Mwishowe aliipata njia mwenyewe, katikati ya ndoto. Alichukua tui la kwanza, lile zito lisilotiwa maji, akalipika kwa moto wa makumbi mpaka likaanza kutoa mafuta pembeni na nyumba nzima ikanukia nazi. Akatia sukari, akatia samli kijiko kimoja, akatia iliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi. Ndipo akanyunyiza kakao, huku anakoroga upande mmoja tu. Alipoepua alitia korosho zilizokaangwa na kusagwa, zikaupa uji ule mwili wa kushikamana ambao mafuta ya maziwa ya kopo hayakuweza kuupa. Sinia aliliweka juu ya beseni la maji ya kisima mpaka likapoa. Kisha samli viganjani, donge dogo, na kuviringa kwa wepesi. Kila kidonge alikigaragaza kwenye kakao kavu na kukifunga ndani ya kipande cha jani kavu la mgomba, kwa uzi wa ukindu.

Havikulala. Ukivunja kimoja ndani kilikuwa laini, ukikiweka ulimini kilikaa kidogo kikikufikiria, halafu kikayeyuka chote kwa pamoja. Gulbanu alikula kimoja akafumba macho. Akala cha pili ili ahakikishe. Alisema ladu zake sasa ziende zikafie mbali, na mtu anayemjua Gulbanu anaelewa uzito wa neno hilo.

Jina lenyewe la vitu hivyo, lile alilolitumia Bibi Mdachi, lilikuwa neno la kukwama kooni na hakuna aliyelihangaikia. Watu waliviita vidonge vya Kidawa. Kidawa ni jina la bibi yake mzaa baba, jina la kawaida kabisa, na pale Mchinga hapakuwa na mtu aliyesikia dawa ndani yake. Jina likizoeleka huwa halisikiki tena. Palikuwa na maneno tu ya wivu kwamba mwanamke yule ana pepo wa Kidachi, anayependa vitu vyeusi vitamu na kumtembeza usiku na mchana. Kidawa hakukasirika. Aliona pepo huyo, kama yupo, ana adabu.

Kisha vita vikaja. Huko Umatumbi, kwao mama yake Kidawa, watu walichoka na pamba na kiboko, wakaing'oa pamba na kushika silaha. Ilisemekana kwamba wamepewa dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mizizi, na kwamba aliyeinywa au kuivaa, risasi ya Mdachi humgeukia maji. Habari ilishuka pwani kwa minong'ono. Nyuma yake walishuka askari wa Wadachi, wakapiga kambi nje ya mji, chini ya bwana mmoja wa Kidachi aliyeletwa kwa ajili ya vita hivyo tu na ambaye watu hawakumjua jina. Amri ilitangazwa sokoni kwa ngoma. Atakayekamatwa na dawa atanyongwa.

Huseni alikuwa na kazi ya harusi ya watu wa kijiji cha Pande, kofia kumi na mbili, na hakuona vita vinamhusu nini mshona kofia. Alifunga kofia zake, akachukua na kikapu cha vidonge alichoagizwa na mama wa bwana harusi, akashika njia alfajiri. Hakufika mbali.

Aliyeleta habari alikuwa Gulbanu. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, amejitanda ovyo na anahema. Askari walikuwa wamekuja dukani kununua tumbaku na kusimulia huku wanacheka. Walimsimamisha mtu njiani, wakaona kikapu kimejaa vifungo vya majani makavu, wakamwuliza ni nini. Akasema ni vidonge. Vidonge vya nini? Vya Kidawa. Shaushi wao, mkubwa wa askari wale, ambaye Kiswahili alikuwa amejifunzia kambini, akauliza tena, dawa? Naye yule mtu, kwa upole kabisa, akamsahihisha: Kidawa. Akaulizwa vinafanya nini. Akasema ukila utaona mwenyewe.

Kidawa alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika tama. Alimwona Huseni akisema maneno hayo, kila moja kweli tupu, na akahisi mapenzi makubwa na hasira kubwa kwa wakati mmoja. Gulbanu alimshika bega akamwambia kwa sauti ya chini, "Binti, kesho asubuhi wanawanyonga wote. Nenda sasa, na usitoke kidogo. Leo usitoke hata dakika moja."

Alikwenda. Kambini, kwenye uwanja wa mchanga uliofagiliwa, wanaume kumi na wawili walikuwa wameketi juani kwa mnyororo mmoja wa shingoni, na wa tatu alikuwa Huseni. Alimtazama mkewe akainamisha kichwa, kwa aibu ya kumsumbua. Mbele yao palikuwa na meza ya kukunja, na juu ya meza vitu walivyokamatwa navyo, kila kimoja na kibao chake chenye nambari, na nambari ile ile imetundikwa kifuani mwa mwenyewe. Kikapu cha Huseni kilikuwa pale. Vilikuwapo vifungo vinne vya majani makavu ya mgomba. Na vilikuwapo vibuyu saba vidogo, vimezibwa kwa magunzi.

Bwana aliketi nyuma ya meza. Kando yake alisimama Tomaso, kijana wa misheni ya bara, mkalimani. Kwa mazoea Tomaso alimwamkia Kidawa shikamoo, na shaushi akamtazama vibaya, lakini Kidawa aliitikia marahaba kama inavyopasa. Bwana aliuliza anataka nini. Akasema amekuja kwa mumewe, na kwamba aliyetengeneza vidonge vile ni yeye, Kidawa. Tomaso alipokwisha kufasiri, bwana aliuliza jina hilo lina maana gani. Kijana wa watu alikuwa amekula kiapo cha kufasiri kweli. Akafasiri kweli, kwamba ni dawa ndogo.

Bwana alicheka kidogo, bila furaha. Kidawa aliona mambo yanaharibika, akasema kwa haraka kwamba ni jina la bibi yake, kwamba vile ni vitu vya kula, na kwamba akipewa moto atavipika mbele yao wavione tangu mwanzo. Bwana alitazama saa yake. Alimpa mpaka adhuhuri.

Askari alimsindikiza nyumbani kuchukua vyombo. Kopo la tatu lilikuwa limekwisha, na ilimbidi akwangue pembe zake kwa kijiko na kuligonga chini ili liachie. Alipata kiasi cha kiganja. Akarudi, akapanga mafiga matatu katikati ya uwanja, akakuna nazi, akakamua tui. Jua lilikuwa kali na mvuke ulimpanda usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuondoka. Alikodolea sukari macho mpaka yakamchoma. Shingo ya Huseni ilikuwa ndani ya sufuria ile, na alijua. Akakoroga upande mmoja, akapoza, akaviringa. Shaushi alimlazimisha ale cha kwanza yeye. Akala. Ndipo bwana akachukua cha pili.

Kilikaa ulimini mwake. Alisema neno moja, "Kakao," na hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikula kingine, akatazama mbali juu ya vichwa vya wale watu wa mnyororo, na Kidawa akajua kabisa ameiona ile njia na ile miti. Haikumfanya mtu mwema. Alipangusa vidole kwa leso yake, akasema mshona kofia afunguliwe.

Kisha akaonyesha vile vifungo vinne vya majani. Alitaka kujua kama mwanamke huyu huwapa na watu wengine vidonge vyake. Kama vimo vyake humo, avitoe, maana hataki kunyonga mtu kwa sababu ya peremende, ingemletea maandishi mengi.

Hapo mzee aliyekuwa mwisho wa mnyororo alikohoa. Aliitwa Likwata, na kifuani mwake palikuwa na nambari ya kibuyu. Alisema chini chini kwa Kimatumbi, lugha ya mama yake Kidawa, akitazama mchanga kama anayeongea peke yake, "Mwanangu, yale ya majani ni ya vijana hawa wanne. Yanafanana na yako."

Shaushi hakuelewa. Kama Tomaso alielewa, hakuonyesha. Kidawa alisogea mezani, akaweka mkono juu ya vile vifungo akasema ni vyake vyote vinne.

"Mama, una hakika?" aliuliza Tomaso.

"Nina hakika. Hawa ni wateja wangu."

Bwana alikata uzi wa cha kwanza. Ndani hamkuwa na kidonge. Palikuwa na unga wa kijivu wa mtama, vipande vya mizizi, na harufu ya mafuta ya mbarika. Kidawa alieleza, kwa sauti ile ile anayowaeleza wanawake kisimani, kwamba vikikaa siku nyingi hupauka na kuvunjika, ndiyo maana huwaambia watu wavile mapema. Tomaso alifasiri. Shaushi akasema, kama ni hivyo, avile.

Alichukua unga ule akautia mdomoni. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Ndipo Kidawa akafanya lile jambo ambalo maisha yake yote alilaumiwa kwalo. Alitoka. Aliuacha mwili pale mbele ya meza na kuuambia utafune, na mwenyewe akaenda jikoni kwake siku ile ya kwanza, tui likitoa mafuta pembeni, nyumba ikinukia nazi, samli ikiwa vuguvugu viganjani. Alitafuta utamu mmoja mmoja akauleta mpaka ulimini. Akameza. Uso wake ulikuwa umetulia, na watu waliomwona wanasema alitabasamu.

"Hiki nilikizidisha iliki," alisema.

Akala cha pili, akala cha tatu, na cha nne akakifuta kwa kidole mpaka jani likabaki safi. Bwana alimtazama muda mrefu. Sidhani kama aliamini. Nadhani ilikuwa adhuhuri, na utamu ulikuwa bado mdomoni mwake, na vijana wanne hawakuwa kitu kwake kwa vyovyote. Alitikisa mkono, nao wakafunguliwa. Waliondoka bila kukimbia na bila kumtazama aliyewaokoa, na hilo ndilo lililokuwa la busara.

Vilibaki vibuyu saba. Kidawa alivitazama. Hakuna mtu duniani anayeweka vidonge ndani ya kibuyu cha maji, na hata yeye, pamoja na ndoto zake zote, hakuona njia ya kupita hapo. Hata hivyo alifungua mdomo. Alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono Likwata alipotikisa kichwa.

"Inatosha, mwanangu," alisema yule mzee, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezwa chakula.

Huseni alimshika mkewe mkono akamtoa kambini. Njiani Kidawa alitapika mara mbili nyuma ya vichaka, akalia njia nzima, na Huseni, mtu wa kweli tupu, hakumwambia yatapita. Wale saba walinyongwa asubuhi yake. Vita viliisha, njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko vita, na kakao haikuonekana tena Mchinga kwa miaka mingi. Kidawa alirudi kwenye ladu za Gulbanu na kuziunguza kama kawaida.

Alipokuwa mtu mzima sana, wanawake walizoea kumwuliza, wakihakikisha kwanza hakuna anayesikiliza, kama ile dawa ilimfanyia kazi mwilini, maana aliila ya watu wanne. Alisema hajui, hajapigwa risasi. Alichojua ni kwamba ilikuwa chungu sana, na kwamba siku ile, alipogeuka kuondoka, tumboni mwake palikuwa bado na nafasi ya vile vibuyu saba.